Kompyuta ikigoma kuwaka, usikubali ifutwe kabla ya kuokoa kazi yako

Na MWANDISHI WETU

NI Jumapili jioni. Binti yako anarudi chuoni kesho asubuhi na ripoti yake ya mwisho wa muhula, kurasa arubaini za jasho jembamba, imo ndani ya kompyuta iliyo pembeni mwa sebule. Anabonyeza kitufe. Kimya. Anabonyeza tena. Feni inanguruma kidogo, lakini skrini inabaki nyeusi tititi.

Hapo ndipo nyumba nzima hutaharuki. Baba anakipiga kisanduku kofi, kaka anachomoa waya huu na kuchomeka ule, na jirani anayejifanya mjuzi anatoa hukumu: "Hiyo imekufa. Ipelekeni ikafutwe na kuwekewa Windows upya."

Msomaji, kabla hujaibeba kompyuta hiyo kwenye matatu hadi Luthuli Avenue, vuta kiti uketi. Kompyuta isiyowaka si lazima iwe imekufa. Mara nyingi ina hitilafu moja ndogo ambayo mtu asiye fundi anaweza kuitambua, na pengine kuitengeneza bila ya kutoa hata shilingi moja.

Na hata ikiwa imeharibika kwelikweli, ripoti ya binti yako, picha za harusi yako na hesabu za chama huenda zi salama salimini ndani ya diski. Kinachoziangamiza mara nyingi si ugonjwa wenyewe, bali ni tiba ya pupa.

INAVYOAMKA

Kwanza ni vyema ujue mashine hii huamka vipi. Kisanduku kile ambacho wengi wetu hukiita CPU kina vipuri vingi ndani yake, na CPU yenyewe ni kimoja tu kati ya hivyo. Unapobonyeza kitufe, vipuri hivyo huamka kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni ya umeme. Kile kijisanduku cha chuma kilicho nyuma, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, hupokea stima ya volti 240 kutoka ukutani na kuipunguza hadi volti 12, 5 na 3.3 ambazo vipuri vya ndani vinaweza kustahimili.

Ya pili, mashine hujipima yenyewe: je, kumbukumbu ipo? Skrini ipo? Kibodi ipo? Desturi hiyo ya kujipima haikuanza jana. Ilikuwako katika kompyuta ya IBM iliyozinduliwa Agosti 12, 1981, na imeendelea hadi leo.

Hatua ya tatu ni kutafuta diski iliyo na programu ya kuiendesha. Na ya nne, programu hiyo, ambayo kwa wengi wetu ni Windows, hupakiwa na kukukaribisha.

Ukitambua kompyuta yako imekwamia hatua ipi, umekwisha pata nusu ya jibu. Basi tuzifuate moja baada ya nyingine.

IKIWA KIMYA KABISA

Hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti. Anzia ukutani, wala si ndani ya kisanduku.

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Simu isipopata chaji, basi kosa ni la soketi au la ekstensheni. Ekstensheni za bei ya chini hulegea ndani upesi, na wengi wamewahi kubeba kompyuta nzima hadi mjini kumbe ugonjwa umebaki nyumbani chini ya meza.

Soketi ikiwa nzima, jaribu waya. Waya wa kisanduku na ule wa monita mara nyingi hufanana, kwa hivyo ubadilishane. Kisanduku kikiwaka kwa waya wa monita, umempata mkosaji. Pengine ni fyuzi tu iliyoungua ndani ya plagi. Nunua nyingine ya ampea zile zile. Tafadhali usiizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kama wafanyavyo wengine. Fyuzi iliwekwa iungue ili nyumba isiungue.

Kisha tazama nyuma ya kisanduku, karibu na pale waya unapoingia. Kompyuta nyingi zina swichi ndogo yenye alama ya mstari na duara. Mstari ni kuwasha, duara ni kuzima. Mtoto anayecheza nyuma ya meza au mfagizi aliyesukuma kisanduku ukutani huweza kuizima bila ya kujua.

Baadhi ya mashine za zamani zina swichi nyingine nyekundu yenye nambari 115 na 230. Kwetu Kenya lazima ikae kwenye 230. Ikisogezwa hadi 115 na mashine kuwashwa, pawa saplai huweza kulipuka papo hapo. Waonye watoto wasiiguse kamwe.

Kama bado kimya, chomoa waya wa stima kabisa, kisha ushike kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde 30. Hii huondoa umeme uliosalia ndani, ambao wakati mwingine huifanya mashine igande. Rudisha waya ujaribu tena. Huenda ikaonekana kama uganga, lakini mara nyingine hufaulu.

Ikishindikana, yaelekea pawa saplai ndiyo iliyokwisha. Hapo simama. Usiifungue kijisanduku hicho hata uwe na bisibisi nzuri namna gani, kwani mna vipuri vinavyohifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Hubadilishwa kizima. Na kama umesikia harufu ya kuungua au umeona moshi, usijaribu kuwasha tena ili "uone".

Habari njema ni kwamba pawa saplai ikifa pekee, diski yako kwa kawaida haidhuriki. Faili zipo.

FENI YAZUNGUKA, SKRINI NYEUSI

Hali hii ndiyo huwatia watu wengi hofu, lakini mara nyingi dawa yake ni nyepesi.

Ichunguze monita kwanza. Je, ina taa? Ikiwa imeandika "No signal", maana yake ni kwamba monita ni nzima ila haipokei kitu kutoka kwa kisanduku. Kaza waya unaoviunganisha pande zote mbili. Ikiwa ni ule waya wa zamani wa VGA wenye vijipini 15, uchomoe utazame kama kuna kilichopinda. Ikiwa kisanduku kina mahali pawili pa kuchomeka waya wa skrini, jaribu pale pengine.

Skrini ikiendelea kuwa nyeusi, mshukiwa mkuu ni kumbukumbu, yaani vile vibao vyembamba viitwavyo RAM. Vumbi la Nairobi na unyevu wa Mombasa huweza kutia uchafu kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu hata yakashindwa kushika vizuri.

Zima mashine, chomoa stima, ubonyeze kitufe mara moja ili kumaliza umeme uliobaki, kisha ufungue ubavu wa kisanduku. Gusa chuma kitupu cha kisanduku ili mwili wako usije ukarusha cheche ndogo ya umeme usiyoiona, inayoweza kuua kipuri. Sasa bana vishikizo vya pembeni, kibao kitatoka.

Chukua kifutio safi cha penseli, kile kile cha mwanafunzi wa darasa la nne, ufute meno hayo polepole pande zote mbili. Pangusa unga wa kifutio kwa kitambaa kikavu, kisha urudishe kibao mahali pake na kukikandamiza hadi vishikizo vijifunge vyenyewe. Kama kuna vibao viwili, jaribu kimoja kimoja. Kompyuta ikiwaka kwa kimoja na kugoma kwa kingine, umemtambua mgonjwa.

SIKILIZA MILIO

Kuna mashine ambazo hukuambia ugonjwa wao kwa mlio. Mlio mmoja mfupi katika kompyuta nyingi humaanisha kuwa mambo ni shwari. Ikilia mara nyingi mfululizo, basi kuna kipuri kilichofeli mtihani wa kujipima, aghalabu kumbukumbu au kadi ya skrini.

Maana ya milio hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Kwa hivyo usibahatishe. Hesabu mingapi ni mirefu na mingapi ni mifupi, uandike kwenye karatasi, kisha utafute maana yake kwa kutumia simu yako ukitaja jina na modeli ya kompyuta hiyo. Mashine nyingi za siku hizi hazilii, badala yake hupepesa taa ya kitufe. Hiyo pia ihesabu.

SAA ILIYOPOTEA

Je, kompyuta yako huwaka lakini kila asubuhi inadai kuwa ni mwaka wa zamani? Au husimama ikikutaka ubonyeze F1 ndipo iendelee?

Usiingiwe na wasiwasi. Ndani yake mna betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu, iitwayo CR2032, yenye volti 3. Kazi yake ni kukumbuka saa na mipangilio wakati stima haipo. Huisha baada ya miaka kadhaa kama betri nyingine yoyote. Hupatikana katika maduka mengi ya saa na ya vifaa vya elektroniki, na wewe mwenyewe unaweza kuibadilisha, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu.

Kosa hili dogo huzaa makosa mengine ya kushangaza. Tarehe ikiwa ya uongo, tovuti nyingi za benki na za serikali hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyao vya usalama huonekana kama havijaanza kutumika au vimepitwa na wakati. Mtu hulaumu intaneti kumbe ni betri.

MANENO MEUPE KWENYE SKRINI

Tuseme sasa mashine imejipima ikapita, lakini inaandika "No bootable device" au "Operating system not found". Maana yake ni kwamba imetafuta diski yenye programu na haikuiona.

Kwanza chomoa flashi yoyote iliyobaki imechomekwa. Zamani, wakati wa disketi, kosa hili lilikuwa la kila siku: mtu husahau disketi ndani, kompyuta hujaribu kuamka kutoka kwake na kushindwa. Siku hizi flashi imerithi tabia hiyo hiyo.

Ikikataa, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio kwa kubonyeza kitufe maalum mara tu baada ya kuwasha. Kwa kompyuta nyingi za Dell ni F2, kwa za HP ni F10, na kwa nyingine ni Delete. Angalia kama jina la diski limeorodheshwa. Usibadilishe chochote, soma tu.

Jina likiwapo, diski i hai na huenda ni programu tu iliyoharibika. Lisipokuwapo, zima, chomoa stima, ukaze nyaya mbili zinazoingia kwenye diski. Hulegea, hasa baada ya safari.

Lakini ukisikia diski ikilia "ta, ta, ta" kama saa mbovu, zima mara moja. Huo ni mlio wa diski ya kuzunguka inayokaribia kukata roho. Kila ukiiwasha tena unaongeza madhara, na maji yakimwagika hayazoleki. Kama kuna kitu cha thamani ndani, mpelekee mtaalamu wa kuokoa faili, wala usikubali ijaribiwe jaribiwe.

WINDOWS INAPOKWAMA

Kuna hali ambapo nembo ya Windows inatokea, vidoti vinazunguka, kisha mashine inazima na kuanza tena, mara ya pili, mara ya tatu. Au skrini inageuka buluu. Hapa ndipo hukumu ya "ifutwe" hutolewa kwa haraka kupita kiasi.

Kumbuka yaliyotokea Ijumaa, Julai 19, 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro, na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kote duniani, kwa makadirio ya Microsoft, zikagoma kuamka. Ndege zilikwama, benki na hospitali zikatatizika.

Je, mashine hizo zilikuwa zimekufa? La. Hakuna kipuri kilichoungua, wala hakukuwa na haja ya kufuta chochote cha mwenyewe. Dawa ilikuwa kuziamsha katika hali ya usalama, "Safe Mode", na kuondoa faili moja tu mbaya. Hilo ni funzo kwako pia.

Katika Windows 10 na 11, ukiwasha na kuzima kwa kushikilia kitufe mara mbili tatu mfululizo kabla haijafunguka, ukurasa wa matengenezo hujitokeza wenyewe. Chagua "Startup Repair" kwanza. Isipofaulu, jaribu "System Restore", ambayo huirudisha programu hadi siku ilipokuwa nzima bila ya kugusa barua na picha zako. Kisha "Safe Mode", uondoe programu uliyoiweka mwisho kabla ya matatizo kuanza.

Jihadhari na "Reset this PC". Ina njia mbili: "Keep my files" huacha faili zako lakini huondoa programu ulizoweka. "Remove everything" ni kufagia nyumba nzima. Soma kabla ya kubonyeza.

OKOA KAZI KWANZA

Faili zaweza kuokolewa hata Windows ikikataa katakata. Njia moja ni kutoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa waya maalum wa USB. Njia nyingine ni kuiamsha mashine kwa programu ya bure ya Ubuntu iliyowekwa kwenye flashi ya GB 16. Chagua kuijaribu bila ya kuiweka, ufungue diski, unakili faili zako kwenye flashi nyingine. Jina Ubuntu linatoka kusini mwa Afrika na ni ndugu wa neno letu utu. Naam, ni utu kweli kwa mtu aliye mashakani.

Jambo moja la kuzingatia: kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa kufuli ya BitLocker. Ikitokea hivyo utaulizwa ufunguo wenye tarakimu 48. Kwa kawaida huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumiwa kuanzisha mashine hiyo. Ufungue leo kwa simu, uunakili kwenye daftari, uuweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

UKIFIKA KWA FUNDI

Si aibu kushindwa. Mafundi wapo na wengi wao ni watu wa kutegemewa. Lakini nenda ukiwa na habari. Mweleze: iliacha kuwaka lini, stima ilikuwa imepotea au la, inalia mara ngapi, imeandika nini. Maneno ya skrini yapige picha kwa simu. Maelezo hayo humpunguzia fundi kazi, nawe yanakupunguzia gharama.

Muulize maswali matatu kabla hajaanza. Faili zangu utazinakili wapi kabla ya kufanya lolote? Kipuri gani kimeharibika, na je, nitarudishiwa kile kibovu? Ukikuta kosa jingine, utanipigia simu kwanza? Anayekataa kujibu hayo, mshukuru ubebe mashine yako uondoke.

Usikubali pia kuambiwa kwamba kompyuta yako haiwaki kwa sababu Windows 10 "imefungwa". Ni kweli kwamba Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na ni busara kupanga kuhama kwa ajili ya usalama. Lakini kukoma kwa msaada hakuzimi mashine. Wanaonunua kompyuta kuukuu zilizotoka maofisi ya Ulaya waulize mapema kama zinakubali Windows 11, kwani nyingi za kabla ya mwaka wa 2018 hazikubaliwi rasmi.

KINGA NI BORA

Stima yetu ina vituko. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilitumbukia gizani. Stima ikipotea, chomoa plagi na usubiri irudi na itulie dakika chache kabla ya kuwasha, kwa sababu huweza kurudi kwa kishindo. Ukiweza, nunua betri ya akiba, UPS, ambayo hukupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Pangusa vumbi ndani ya kisanduku angalau mara mbili kwa mwaka, na usikisukume hadi ukutani kikakosa hewa.

Zaidi ya yote, weka nakala. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayetayarisha mradi wake wa somo la Kompyuta wa KCSE, na mwenzake wa chuo kikuu anayeandika tasnifu, wawe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi inayowekwa mahali pengine, na moja kwenye barua pepe au hifadhi ya mtandaoni.

Pawa saplai hununuliwa. RAM hununuliwa. Hata kompyuta nzima, ukijinyima, hununuliwa. Lakini picha ya nyanya aliyekwisha tangulia mbele ya haki, au kurasa arubaini zilizoandikwa usiku wa manane, hakuna duka linaloziuza. Kazi hiyo ya kunakili haichukui hata robo saa. Ifanye leo, kompyuta ingali inawaka.